Shajara ya mradi: maktaba ya kilimo isiyosubiri mtandao

Jumatatu

Leo tumekubaliana juu ya umbo la kazi. Vituo vya kilimo vya kata tutakavyoanza navyo viko Nyanda za Juu Kusini: Rungwe, Njombe na Makete. Kila kituo kinapata kisanduku kimoja, yaani Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayorusha Wi-Fi yake yenyewe. Afisa ugani au mkulima anaunganisha simu au kishikwambi, anasoma makala za mazao, na bando lake haliguswi.

Makala zenyewe wahariri wetu wanaziandikia kwenye Contentful. Ni CMS (mfumo wa kusimamia maudhui) isiyo na sura: haikutengenezei tovuti, inakupa JSON, yaani data ya kusomwa na programu, kupitia API, mlango wa programu kuongea na programu, na kukuachia sura uijenge mwenyewe unakotaka. Kazi yangu ni njia ya katikati. Maudhui yatoke huko, yaingie kwenye kanzidata ya SQLite iliyo ndani ya kisanduku, na yaendelee kufanana na ya huko kadiri mtandao utakavyoruhusu.

Kikaoni niliulizwa kwa nini kisanduku kisiite API moja kwa moja kila msomaji anapofungua makala. Nikawakumbusha tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika zote mbili na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Na huko Makete huhitaji hata waya wa baharini ukatike. Mvua ya Machi inatosha.

Jumatano: mlango upi wa kuingilia

Contentful ina namna mbili za kusoma maudhui kwa wingi. Ya kwanza ni kuuliza orodha kwa masharti, mfano: nipe makala zote zilizobadilika tangu saa fulani. Ya pili ni mlango wake wa kusawazisha. Ombi la kwanza unalituma na `initial=true`, majibu yanakuja kurasa kwa kurasa, kila ukurasa ukiwa na `nextPageUrl`. Ukurasa wa mwisho unakuja na `nextSyncUrl`, na ndani yake kuna tokeni. Ukirudi na tokeni hiyo baada ya saa moja au baada ya mwezi, unapewa yaliyobadilika tu tangu uondoke.

Nimechagua mlango wa pili. Sababu ndogo ni saa. Pi 4 haina saa inayoendelea kutembea ikiwa imezimwa, na umeme ukirudi inaweza kuamini kuwa bado ni juzi. Sitaki swali la "tangu lini" litegemee kifaa cha namna hiyo. Tokeni haijali saa ya kisanduku.

Sababu kubwa ni vitu vinavyoondolewa. Ukiuliza "nini kimebadilika tangu juzi", kilichofutwa hakiwezi kuitika, kwa kuwa hakipo tena kwenye orodha. Wanaotumia WordPress kwa mtindo huuhuu wanalijua hili: tangu toleo la 5.7 la mwaka 2021 API yake ina `modified_after`, na kwa makala zilizohaririwa inafanya kazi nzuri, lakini makala iliyofutwa kabisa haileti habari yoyote. Inabidi ukokote namba zote za vitambulisho na kulinganisha na ulizonazo. Mlango wa kusawazisha wa Contentful unavitaja waziwazi: `DeletedEntry` kwa makala, `DeletedAsset` kwa picha na mafaili.

Kwetu hili si suala la usafi wa kanzidata. Sehemu kubwa ya maktaba hii ni ushauri wa viuatilifu, na ushauri huo una tabia ya kufa. Klorpirifosi, iliyokuwa ikipendekezwa kila mahali kwa miaka mingi, iliingizwa mwaka 2025 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali za sumu zinazodumu kwenye mazingira. Mhariri akiondoa makala ya dawa huku ofisini, makala ileile ikabaki inasomeka kwenye kata fulani kwa miezi sita, tutakuwa tumejenga kitu kibaya kuliko kutokuwa na kitu.

CMS pia inaweza kugonga anwani yako kila makala inapochapishwa au kuondolewa. Haitufai. Visanduku viko nyuma ya modemu za simu, ambako wateja wengi hugawana anwani moja ya umma, kwa hiyo hakuna mlango wa kugonga. Kisanduku ndicho kitakachouliza, kila robo saa kikiwa na mtandao. Hayo ni maombi 96 kwa siku kwa kisanduku kimoja, na mengi yatarudi na orodha tupu ya baiti chache.

Alhamisi: majedwali

Nimeanza na jedwali moja linaloitwa `ghafi`: kitambulisho, aina, namba ya toleo, na JSON nzima kama ilivyofika. Halafu yapo majedwali ya kusomea (`makala`, `zao`, `kiuatilifu`, `picha`) yanayojengwa kutoka kwenye `ghafi`. Inaonekana kama kuhifadhi kitu kilekile mara mbili, na ndivyo ilivyo. Lakini wahariri wakiongeza safu mpya kesho, mfano "msimu wa kupanda", sihitaji kuvuta maktaba nzima upya kwa bando la kijijini. Nabadilisha msimbo, navunja majedwali ya kusomea, nayajenga tena kutoka kwenye `ghafi`.

Uandishi wote ni wa ingiza-au-sasisha, `INSERT ... ON CONFLICT(id) DO UPDATE`, ambao SQLite imekuwa nao tangu toleo la 3.24 la mwaka 2018. Kuleta kitu kilekile mara tatu kunatoa matokeo yaleyale ya kukileta mara moja. Nitaitegemea tabia hii sana mbele.

Jambo moja la kuandika hapa ili nisije nikalisahau: Contentful huileta makala nzima kila inapobadilika, si tofauti tu, na sehemu iliyoachwa wazi haiji kabisa kwenye JSON. Haiji kama tupu; haiji. Kwa hiyo safu ambayo haikutajwa lazima iandikwe NULL, yaani haina thamani. Msimbo wa kuchanganya ya zamani na mapya ungebakiza kipimo cha dawa ambacho mhariri alikwishakifuta.

Viungo vimechukua mchana wote. Makala ya viwavijeshi vamizi inaelekeza kwenye zao (mahindi) na kwenye viuatilifu vitatu. Kwenye mlango wa kusawazisha viungo haviji vimefunguliwa; unapata kitambulisho tu, na hakuna ahadi kwamba kinachoelekezwa kitafika kabla ya kinachoelekeza. Nilifikiria funguo za kigeni (kanuni ya kanzidata kwamba kinachoelekezwa lazima kiwepo) zilizoahirishwa hadi mwisho wa muamala, yaani kundi la maandishi yanayoingia yote au yasiingie kabisa. Hazisaidii kitu, maana kinachoelekezwa kinaweza kuwa ukurasa mwingine kabisa, au kiwe bado hakijachapishwa na kisifike kamwe. Nimeziacha. Lipo jedwali `viungo` lenye kitambulisho cha anayeelekeza, jina la sehemu, nafasi yake, na kitambulisho cha anayeelekezwa. Kiungo kisicho na mwenyewe hakivunji chochote, kinasubiri.

Viungo vingine vimefichwa ndani ya matini yenye mapambo. Contentful huihifadhi matini hiyo kama mti wa nodi, na kisanduku cha dawa katikati ya aya huja kama nodi ya `embedded-entry-block`. Inabidi kuutembea mti mzima.

Ijumaa: kifo kisicho na jina

`DeletedEntry` inakuja na kitambulisho na tarehe ya kufutwa. Aina yake haimo. Je, ilikuwa makala? Zao? Kiuatilifu? Huambiwi. Hapa jedwali la `ghafi` limelipa gharama yake mapema kuliko nilivyotarajia: natafuta kitambulisho humo, napata aina, najua ni jedwali gani la kusomea la kugusa.

Kisha kuna swali la kuchuja. Mlango unakuruhusu kuomba aina moja tu ya maudhui, na nilivutiwa, kwa kuwa visanduku vya Makete havihitaji makala za kakao ya Kyela. Lakini ukichuja kwa aina, unapokea makala za aina hiyo peke yake na taarifa za kufutwa hazimo. Basi. Tunavuta vyote, tunachuja wakati wa kuonyesha.

Kuondoa kutoka uchapishaji na kufuta kabisa vyote huonekana kwa upande wetu kama `DeletedEntry`. Mhariri hupenda kuiondoa makala, kuirekebisha kwa nusu saa, na kuirudisha. Nikifuta mstari moja kwa moja, alamisho za maafisa ugani zitabaki zinaelekeza hewani. Kwa hiyo hatufuti. Mstari unabaki na safu `imeondolewa`, matini yake inatolewa, kichwa kinabaki. Aliyeweka alamisho anaifungua na kusoma: "Makala hii imeondolewa na wahariri. Usitumie maelekezo yake ya zamani." Hilo ni bora zaidi kuliko ukurasa usiopatikana, ambao afisa angedhani ni Wi-Fi inasumbua na kurudi kwenye karatasi aliyochapa mwaka jana.

Alamisho zenyewe nimeziweka kwenye faili la pembeni. `yao.db` ni ya maudhui, `yetu.db` ni ya kituo. Faili la kwanza linaweza kutupwa wakati wowote. La pili haliguswi.

Wiki ya pili, Jumanne: kuchomoa waya

Leo kazi ilikuwa kuchomoa umeme. Niliweka kisanduku kwenye usawazishaji mkubwa wa majaribio nikawa nachomoa waya ovyoovyo, kama LUKU inavyoisha.

Kanuni niliyokuwa naijaribu ni fupi: vitu vya ukurasa na anwani ya ukurasa unaofuata huingia kwenye muamala mmoja.

```
BEGIN IMMEDIATE;
-- vitu vyote vya ukurasa huu
UPDATE hali SET anwani_ifuatayo = ?;
COMMIT;
```

SQLite iko kwenye hali ya WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la kumbukumbu) na `synchronous=NORMAL`, ili kadi ya SD isichoshwe na uandishi. Mpangilio huo una bei inayojulikana: umeme ukikatika, kanzidata haiharibiki, lakini miamala ya mwisho kabisa inaweza kupotea. Kwa kawaida sentensi hiyo ya mwisho hutisha. Hapa haidhuru kitu. Muamala ukipotea, anwani nayo imerudi nyuma pamoja nao, kisanduku kikiamka kinauomba ukurasa uleule, na kwa kuwa uandishi ni wa ingiza-au-sasisha, hakuna kinachojirudia. Tokeni ikihifadhiwa kwenye faili la pembeni, uzuri huu wote unapotea: tokeni inaweza kusonga mbele huku data ikibaki nyuma, na pengo hilo hakuna atakayekuja kuliziba.

Usawazishaji wa mwanzo kabisa hauandiki kwenye faili linalosomwa. Unajenga `yao-mpya.db`, na ukimaliza unabadilisha jina. Msomaji anaona maktaba ya jana au ya leo, haoni nusu. Seva ikiikataa tokeni kwa sababu yoyote, njia ni hiyohiyo: faili jipya, mwanzo mpya, la zamani likiendelea kusomwa.

Alhamisi: picha

Hapa sikukaa sana. Anwani za picha huja bila itifaki mbele, zinaanza na `//`, kwa hiyo unaongeza `https:` mwenyewe. Ukiweka `?w=800&fm=webp&q=60` mwishoni, seva inakupunguzia picha kabla haijasafiri, na picha ya kamera ya megabaiti kadhaa inafika ikiwa imekonda. Sipakui upya kwa kuangalia tarehe ya kusasishwa, kwani mhariri akirekebisha maelezo chini ya picha tarehe hubadilika ilhali faili ni lilelile. Naangalia anwani: faili jipya hupewa anwani mpya.

Ijumaa: kutafuta kwa Kiswahili

SQLite ina injini ya kutafuta iitwayo FTS5. Kwa kawaida huigawa matini kwa maneno mazima na kukuruhusu kutafuta kwa mwanzo wa neno. Kwa lugha yetu hilo halifiki mbali, sisi tunaongezea mbele: mtu anaandika "panda", makala zina "kupanda", "wanapanda", "waliopanda". Kigawanyi chake cha kupunguza maneno kwenye mizizi kinajua Kiingereza tu.

Tangu toleo la 3.34 la mwaka 2020 kuna kigawanyi cha herufi tatutatu, kinachotafuta popote ndani ya neno. Faharasa yake inanenepa, lakini kwa maktaba ya ukubwa huu haifiki hata picha chache. Sasa "panda" inaleta yote hayo. Ingeleta na kipandauso, lakini hatuna makala za kichwa kuuma. "Mdudu" bado haileti "wadudu", kwa hiyo utafutaji ukirudi mtupu najaribu tena baada ya kukata silabi ya ngeli mbele. Ni ukatili, si isimu, ila wapimaji wetu wameacha kulalamika.

Makala inayoondolewa lazima itoke pia kwenye faharasa hii. Na faharasa imenipa zawadi nyingine: kiuatilifu kikiondolewa, natafuta jina lake kwenye makala zote zilizobaki na kuwapelekea wahariri orodha. Kiungo kilichokufa kisanduku kinaweza kukionyesha kama "kimeondolewa", lakini jina la dawa lililoandikwa tu katikati ya sentensi hakuna msimbo wa kulifuta. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye kalamu.

Kuhusu lugha, mlango wa kusawazisha huleta Kiswahili na Kiingereza pamoja, na haukujazii pengo la lugha moja kwa nyingine. Hilo ni `COALESCE` (chukua thamani ya kwanza iliyopo) upande wetu. Isipokuwa vipimo vya dawa: hivyo visipokuwepo kwa Kiswahili tunaonyesha pengo, maana msomaji asiyeelewa Kiingereza atasoma namba peke yake.

Wiki ya tatu, Jumatatu: flashi

Tokeni haifungwi na kifaa. Ni maandishi tu yanayosema "mimi nimeishia hapa". Kwa kuwa yamo ndani ya `yao.db`, basi anayenakili faili amenakili na mahali lilipoishia. Kwa `VACUUM INTO` natoa nakala safi kwenye flashi huku kisanduku cha ofisini kikiendelea kufanya kazi. Kisanduku cha kata kinaipokea, kinakagua kwamba si ya zamani kuliko ile kilichonayo, kinabadilisha jina, na kuanzia hapo kinaendelea na tokeni iliyokuja nayo. Afisa anayetoka mjini kwenda Bulongwa anabeba maktaba mfukoni, na kisanduku kipya hakianzi maisha kwa kula bando la mwezi.

Vitu vilivyoondolewa husafiri vilevile, kwa sababu ni mistari kama mistari mingine. Hii ilikuwa faida ya kutofuta ambayo sikuipanga.

Jumatano: ubishi wa siku thelathini

Mhariri mkuu alikuja mezani na swali ambalo tokeni haina jibu lake.

"Kaka, kisanduku kikikosa mtandao miezi miwili, kitajuaje kama nimeondoa dawa?"

"Hakitajua, dada. Kikipata mtandao kitajua."

"Na mkulima anayesoma leo?"

Msimamo wake: kisanduku kisichosawazishwa kwa siku 30 kifiche kurasa zote za viuatilifu. Wangu: kionyeshe na onyo la njano juu. Niliogopa kwamba kituo kilicho mbali zaidi, chenye uhitaji mkubwa zaidi, ndicho kitakachonyang'anywa maktaba. Yeye akasema maktaba haifichwi, zinafichwa kurasa za dawa. Palizi, nafasi za kupanda na kuhifadhi mahindi vinabaki pale. Na akaniuliza kama ningempa baba yangu kipimo cha dawa nisichojua kama bado kinaruhusiwa. Tumeandika kama alivyosema: onyo baada ya siku 14, kufichwa baada ya 30, na mahali pa ukurasa uliofichwa panaelekeza kwa afisa ugani na orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Kisha ikarudi ile saa. Kuhesabu siku 30 kunahitaji kujua leo ni lini, na hili ndilo Pi 4 isilolijua. Programu ya `fake-hwclock` hukumbuka saa ya mwisho kabla ya kuzimwa. Kisanduku kilichokaa kabatini tangu Juni hadi Agosti bila umeme kitaamka kikiamini ni Juni bado, na kitaonyesha kila kitu kwa ujasiri. Tokeni iliniruhusu kuipuuza saa wakati wa kuvuta. Wakati wa kuonyesha siwezi.

Ijumaa

Moduli za DS3231 zimefika. Ni saa ndogo yenye betri ya kidonge, inaunganishwa kwenye pini za I2C (njia ya kuwasiliana na vifaa vidogo), na kwenye mipangilio ni mstari mmoja: `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`. Nimeondoa `fake-hwclock`, nimezima kisanduku usiku kucha bila mtandao, asubuhi kimeamka na saa sahihi. Nimeongeza na kizuizi: kama saa ya kisanduku iko nyuma ya tarehe ya usawazishaji wa mwisho, kurasa za dawa zinafichwa mara moja, kwani saa hiyo ni ya uongo kwa vyovyote.

Kilichobaki kabla ya Rungwe: kuweka tarehe ya usawazishaji wa mwisho chini ya kila ukurasa kwa maandishi makubwa kuliko ya sasa (wapimaji hawakuiona), kuandika maelekezo ya flashi ya nusu karatasi, na kukubaliana nani anapokea ile orodha ya majina ya dawa yaliyobaki ndani ya makala. Mhariri anasema apelekewe yeye, kila Jumatatu. Picha za skrini ambazo wakulima wameshatumiana WhatsApp haziko kwenye orodha yangu, na sijui ningeziweka wapi.

Jumatatu nafunga visanduku vya kata za kwanza.